Uzi: Michezo ya "wakubwa" kwenye kompyuta za miaka ya 1980. Picha ilikuwa chambo, kazi ilikuwa kwenye karata na ubao

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda auwekee alama arudi jioni.

Kuna kitu ambacho waandishi wengi wa historia ya michezo ya kompyuta wanakiruka kwa aibu: michezo ya watu wazima ya zile kompyuta za nyumbani za mwanzo, Apple II, Commodore 64, ZX Spectrum, Atari na ndugu zao. Poka ya kuvua nguo. Mafumbo ya ubao ambayo ukipanga vipande vizuri picha ya mrembo inakamilika. Hadithi ambazo unaandika amri kwa kibodi na kompyuta inakujibu. Sitaweka picha humu wala kiungo cha picha, kwa hiyo mods wasiwe na wasiwasi. Nimekuja kwa sababu napenda kufungua programu hizi za zamani kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) na kuchungulia zilivyoundwa ndani, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: picha ilikuwa ya kumvuta mteja dukani, lakini michezo iliyodumu ni ile ambayo fundi wake alijali karata na ubao.

Tuanze na udogo wa chombo, maana bila kuuelewa huo hutaelewa chochote. Chukua ZX Spectrum ya mwaka 1982, ile ya kilobaiti 48. Skrini yake ni nukta 256 kwa 192. Picha moja inayojaza skrini inakula baiti 6,912, yaani 6,144 za nukta na 768 za rangi. Kilobaiti 48 ni baiti 49,152. Ondoa skrini yenyewe, unabaki na 42,240. Sasa sema unataka mpinzani avue mara tano, kwa hiyo unahitaji picha sita. Sita mara 6,912 ni 41,472. Umebakiwa na baiti 768 za kuandikia mchezo wote wa poka, na hapo mfumo wa mashine haujachukua fungu lake! Ndiyo maana kwenye kaseti ilibidi picha zibanwe, au zichorwe ndogo, au ichorwe picha moja kisha mabadiliko madogo yabandikwe juu yake.

Na rangi? Spectrum iligawa skrini katika vyumba vya nukta 8 kwa 8, na kila chumba kilikubali rangi mbili tu. Jaribu kuchora uso wa mtu, nywele na gauni jekundu kwa sheria hiyo uone. Wachoraji wengi waliishia kuchora kwa rangi moja na kutengeneza vivuli kwa kupanga vinukta. Ukizitazama leo unashangaa kwamba kuna mtu aliona haja ya kuzificha.

Apple II ya mwaka 1977 haikuwa tajiri zaidi. Skrini yake ya nukta 280 kwa 192 ilikula kilobaiti 8 kwa kila picha, na rangi sita. Faida yake ilikuwa diski. Diski moja ilibeba kilobaiti 140, na picha iliitwa pale tu inapohitajika badala ya kukaa ndani ya kumbukumbu muda wote.

Hapo ndipo Artworx wa Marekani walipoingia mwaka 1982 na Strip Poker. Wapinzani ni wawili, Suzi na Melissa. Mnacheza poka ya karata tano, unabadilisha usizozitaka, mnawekeana dau; fedha zikikuishia, vazi linageuka kuwa dau. Baadaye waliuza diski za nyongeza zenye wapinzani wengine, wakiwemo wanaume. Fikiria hilo kidogo: mchezo mmoja, na data ya wapinzani imewekwa kando inunuliwe baadaye. Leo kila kampuni ya michezo inafanya hivyo na tunaona ni mambo ya intaneti.

Artworx hawa hawa walikuwa wanauza pia programu za mchezo wa karata wa bridge, mchezo wa wazee watulivu wenye miwani. Kwangu hii inaeleza kila kitu. Walikuwa watu wa karata kwanza. Ndiyo maana Strip Poker ilipata toleo la pili mwaka 1988 na la tatu mwaka 1991, wakati wenzao wengi waliotegemea picha peke yake walishasahaulika.

Naendelea na sehemu ya karata, nipeni muda.

#2

Mkuu nakaa mkao wa kusoma. Ila kabla hujaendelea, naomba ufafanue: mashine ya kilobaiti 48 inajuaje kwamba mimi nina jozi mbili na yeye ana tatu za aina moja (karata tatu za ukubwa mmoja)? Inalinganisha na orodha ya mikono yote?

#3 (mleta uzi)

Mkuu swali zuri, nilikuwa naelekea hukohuko.

Orodha ya mikono yote haiwezekani. Mikono tofauti ya karata tano ni 2,598,960. Hata ungetumia baiti moja kwa kila mkono, ungehitaji zaidi ya diski kumi na nane za Apple. Kwa hiyo unatumia akili.

Karata 52 unazipa namba 0 hadi 51, ukizipanga kwa ukubwa: mbili zote nne, halafu tatu zote nne, na kuendelea. Prosesa ya 6502 iliyokuwa ndani ya Apple II haina amri ya kugawanya. Lakini kugawanya kwa nne ni kusogeza biti kulia mara mbili, amri mbili tu, na jibu ni ukubwa wa karata. Biti mbili za mwisho zilizobaki ndizo zinazokwambia kama ni kopa, uru, shupaza au pau.

Kisha unatenga visanduku 13 vya kuhesabu ukubwa na vinne vya kuhesabu alama (kopa, uru, shupaza, pau). Unapitia karata tano, kila moja inaongeza moja kwenye visanduku vyake. Sasa chukua vile visanduku 13, kila hesabu izidishe kwa yenyewe, jumlisha. Mkono usio na kitu unatoa 5. Jozi moja 7. Jozi mbili 9. Tatu za aina moja 11. Tatu na jozi 13. Nne za aina moja 17. Hakuna mikono miwili ya daraja tofauti inayogongana, isipokuwa kwenye 5! Ikitoka 5, unaangalia kama kisanduku kimoja cha alama kimefika tano au kama visanduku vitano vya ukubwa vimefuatana. Umemaliza. Hesabu hiyo inaingia kwenye baiti chache mno, na mashine ya mwaka 1977 inaifanya kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi.

Kujua nani kashinda ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumfanya mpinzani acheze kama mtu. Kompyuta inayopandisha dau kila ikiwa na mkono mzuri na kutupa karata kila ikiwa na mbovu, unaisoma ndani ya robo saa. Basi fundi anaweka kizingiti: mkono wenye nguvu kiasi fulani pandisha, chini ya hapo fuata, chini zaidi tupa. Halafu anachanganya nasibu kidogo, mara mojamoja mpinzani apandishe dau akiwa mikono mitupu. Ukibadilisha vizingiti na kiasi hicho cha nasibu, umepata mtu mwingine. Mmoja mwoga, mwingine jasiri wa kupitiliza. Mtu mzima wa mwaka 1982, aliyekaa usiku mbele ya skrini, aliona tabia. Na alirudi kesho yake kwa sababu alishindwa kuisoma ile tabia, si kwa sababu ya picha yenye rangi sita.

Halafu kuna suala la kuchanga karata. Kompyuta haina bahati. BASIC ya Apple, yaani lugha yake ya kuandikia programu, ukiwasha mashine na kuomba namba za nasibu bila kuipa mbegu (namba ya kuanzia), inakupa mfuatano uleule wa jana. Karata zilezile, kwa mpangilio uleule. Mtu anayecheza kila siku angejua mkono wa kwanza kabla haujagawiwa. Dawa ilikuwa kumtumia mchezaji mwenyewe: mashine ikisubiri ubonyeze kitufe, ilikuwa inahesabu harakaharaka kwenye anwani 78 na 79 za kumbukumbu. Hakuna binadamu anayebonyeza kwa wakati uleule mara mbili, kwa hiyo hesabu ile ikawa ndiyo mbegu. Commodore 64 walikuwa na njia nyingine tamu zaidi: chipu ya sauti, SID, ukiiambia chaneli ya tatu itoe kelele, unasoma namba za nasibu kutoka kwenye kelele hiyo. Karata zinachangwa na chipu ya muziki.

#4

Mleta uzi, nimesoma yote kwa makini na hesabu nimeielewa. Lakini naomba niseme kama mwanamke ninayefanya kazi hii ya programu. Katika michezo yote uliyotaja, mwanamke ni zawadi. Unacheza vizuri, unapewa mwanamke. Hilo nalo liko kwenye muundo wa mchezo, si kwenye picha tu. Huwezi kutuambia tutazame karata tusimwone aliyekaa upande wa pili wa meza.

#5 (mleta uzi)

Dada yangu, hoja yako inasimama na siipunguzi hata nukta moja. Sheria ya ushindi ni sehemu ya ubao. Kama ushindi ni mtu kuvuliwa, basi ubao wenyewe unasema jambo.

Na kuna mahali ambapo siwezi kutetea kitu. Mwaka 1982 kampuni iliyoitwa Mystique ilitoa Custer's Revenge kwa Atari 2600, mashine ya michezo ya kuunganisha na televisheni. Humo mchezaji anamwendea mwanamke wa jamii asilia ya Marekani aliyefungwa kwenye nguzo. Makundi ya wanawake na ya Wamarekani asilia yaliandamana, na walikuwa na haki kabisa. Na ukiuchungulia mchezo wenyewe, hauna kitu. Unakwepa mishale, basi. Atari hawakuwa na njia ya kuzuia katriji (kasha lenye mchezo) ya mtu mwingine isiingie kwenye mashine yao. Nintendo walipoingia Marekani mwaka 1985 waliweka chipu ya kufuli ndani ya mashine, ili katriji isiyo na idhini isiwake. Sababu yao kubwa ilikuwa biashara, soko lilikuwa limeporomoka kwa michezo mibovu ya kila aina, lakini kufuli lilelile liliwapa uwezo wa kuamua nini kionekane.

Ninachopigania ni programu hizi zihifadhiwe na zisomwe, pamoja na hayo unayoyasema, yaandikwe palepale kwenye maelezo. Tukizitupa kwa aibu tunapoteza ushahidi wa aina zote mbili: wa ufundi na wa jinsi wanawake walivyotazamwa. Ona pia zimegusana na nani. Koei wa Japani, wanaoheshimika kwa michezo ya vita ya kihistoria tangu Nobunaga's Ambition ya mwaka 1983, mwaka mmoja kabla walitoa Night Life, programu ya wanandoa. Na kampuni ya Roberta Williams, mwanamke aliyebuni Mystery House mwaka 1980 na King's Quest mwaka 1984, ndiyo iliyouza Softporn Adventure.

#6

Salaam kutoka Mombasa. Hiyo Softporn ndiyo mama yake mchezo wa Larry, sivyo? Mimi Larry nilikutana naye kwenye kompyuta ya binamu yangu aliyekuwa amerudi kutoka Ulaya, tukakwama mlangoni. Yalitokea maswali ya kupima umri. Sote tulikuwa watu wazima, mmoja wetu ana watoto, na hatukujua jibu hata moja!

#7 (mleta uzi)

Ndiyo, ndiye. Softporn Adventure iliandikwa na Chuck Benton mwaka 1981 kwa Apple II, kwa BASIC, maandishi matupu bila picha hata moja. Ajabu ni kwamba mchezo usio na picha ulijulikana kwa picha ya kwenye jalada: wanawake watatu ndani ya beseni la maji moto, Roberta Williams akiwa mmoja wao. Jarida la Time liliichapisha mwaka huohuo wa 1981.

Mwaka 1987 Al Lowe aliichukua hadithi hiyo, akaiandika upya na kuitia picha, ikawa Leisure Suit Larry in the Land of the Lounge Lizards. Huyu Al Lowe alikuwa mwanamuziki na mwalimu, na kabla ya hapo alikuwa ametengeneza michezo ya watoto ya Disney, kama Donald Duck's Playground ya mwaka 1984. Alichokifanya na Softporn nakiheshimu sana: aligeuza kichekesho kimwangukie Larry mwenyewe, mwanamume wa makamo anayejiona mtanashati. Dada aliyeandika hapo juu, nadhani hapa utaona tofauti na poka.

Maswali yaliyowakwamisha yalikuwa ya siasa, watu maarufu na televisheni ya Marekani ya zamani. Wazo lilikuwa kwamba mtoto hatayajua. Hakuna aliyemfikiria mtu mzima wa Mombasa. Mlango wa nyuma ulikuwepo: ukibonyeza Alt na X maswali yanarukwa. Na Ctrl na B ilikuwa ya kuficha mchezo haraka bosi akikaribia.

#8

Wakuu mmetaja mafumbo ya ubao mwanzoni halafu mkayaacha. Mimi ndiyo niliyakuja. Ule mchezo wa kusukuma vipande, nafasi moja tupu, unapanga hadi picha itimie. Nataka kuuandika kwenye emuleta ya Spectrum nijifunze asembli, lugha ya kuandika amri za prosesa moja kwa moja. Picha yangu ni ya jahazi, msiwe na hofu.

#9 (mleta uzi)

Nisamehe mkuu, karata zilinichukua. Na kwa kujifunza umechagua vizuri mno, kwa sababu fumbo hili limeikaa Spectrum kama limepimwa nayo.

Asili yake ni Marekani. Anayepewa sifa ya kulibuni ni Noyes Chapman, mkuu wa posta wa Canastota, jimbo la New York, na mwaka 1880 watu walikuwa wameingia wazimu nalo. Vipande 15 vyenye namba, ubao wa nne kwa nne. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuja nalo tayari, programu ndogo ya kama baiti 600. Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuonyesha picha, namba zikatolewa na picha ikakatwa vipande. Watengenezaji wa michezo ya wakubwa walilipenda kwa sababu moja rahisi: linahitaji picha moja tu. Rudi kwenye hesabu yangu ya #1. Poka inadai picha sita, fumbo linadai moja, na mchezaji anakaa nayo saa nzima.

Sasa gawanya skrini ya Spectrum kwa nne kila upande. 256 kwa nne ni 64, 192 kwa nne ni 48. Kila kipande ni nukta 64 kwa 48, yaani vyumba 8 kwa 6 kamili. Hakuna kipande kinachokata chumba katikati, kwa hiyo rangi hazigongani hata ukisukuma vipi. Kipande kimoja ni baiti 384 za nukta na 48 za rangi, jumla 432. Mara 16 unarudi kwenye 6,912 zilezile. Angalia tu kwamba mistari ya skrini ya Spectrum haikupangwa kwenye kumbukumbu kwa mfuatano wa juu kwenda chini, kwa hiyo tengeneza jedwali la anwani mapema.

Hali ya ubao iweke kwenye baiti 16 peke yake. Picha asili usiiguse, chora kila kipande kutoka humo.

#10

Mkuu nimerudi baada ya kukesha. Inafanya kazi! Vipande vinasogea, rangi safi. Ila kuna tatizo. Nimepanga jahazi lote, vipande viwili vya mwisho vimebadilishana nafasi na havipangiki kwa njia yoyote. Nimeanza upya mara kadhaa, mara nyingine linatimia, mara nyingine linagoma palepale.

#11 (mleta uzi)

Hongera mkuu, na msimbo wako hauna kosa kwenye kusogeza. Kosa liko kwenye kuvuruga. Nahisi ulitupa vipande 15 ovyo ubaoni kwa nasibu, sivyo?

Nusu ya mipangilio yote haitatuliki kabisa. Wanahesabu Johnson na Story walilithibitisha hilo mwaka 1879. Kila msogeo ni kubadilishana nafasi kati ya kipande na tundu. Tundu likirudi kwenye kona yake, lazima liwe limesogea mara shufwa, kwa hiyo mabadilishano yote ni shufwa. Kubadilisha vipande viwili tu ni badilishano moja, witiri, na huwezi kulifikia kwa kusukuma. Sam Loyd, mbuni wa mafumbo wa Marekani, aliahidi dola 1,000 kwa atakayelitatua, na hakuna aliyezichukua kwa sababu haiwezekani. Mipangilio inayofikika ni 10,461,394,944,000, inatosha kabisa kumchosha mtu.

Anza na picha iliyotimia, kisha mashine yenyewe isukume misogeo halali kwa nasibu, mara mia kadhaa, huku ikizuiwa kurudisha msogeo iliyoutoka kuufanya. Hapo kila fumbo litatatulika.

Kuna hali moja ambayo hata kuvuruga ovyo kunafanya kazi: picha ikiwa na vipande viwili vinavyofanana kabisa. Hivyo viwili ukivibadilisha hakuna anayeona, na badilishano hilo moja linageuza witiri kuwa shufwa. Picha nyingi za michezo ile zilikuwa na mandhari nyeusi tupu kwenye kona, na picha kama hizo zinamficha programa mzembe. Jahazi lako lina anga la rangi moja juu? Kata picha upya ili vipande viwili vya safu ya juu viwe anga tupu, halafu vuruga kwa njia yako ya zamani na utazame kama litagoma tena.